Ripoti, kuripoti, imeripotiwa

Kuna neno moja ninalolitaja kila siku ya Mungu kuliko jina langu mwenyewe. Neno hilo ni ripoti. Mhariri ananiuliza, "Ripoti iko wapi?" Namjibu, "Bado naripoti." Kesho yake gazeti linatoka, na mstari wa kwanza wa habari yangu unasema "imeripotiwa kwamba..." Hapo neno moja limeshafanya kazi tatu, na mshahara ni ule ule.

Wandugu, hebu leo tulikalishe hili neno kwenye kigoda tulitazame vizuri. Nina sababu zangu, nitazieleza mbele ya safari.

Waingereza wana mchezo wao. Neno kwao linaweza kuamka asubuhi likiwa jina, na jioni likawa kitenzi, bila kubadilisha hata shati. Report ni kile kikaratasi, na report ni kile kitendo. Utajua lipi ni lipi kwa kuangalia lilipokaa ndani ya sentensi. Sisi tumezoea vingine. Kwetu jina lina nguo zake na kitenzi kina nguo zake. Andika akizaa anazaa mwandishi, maandishi, andiko na uandishi. Soma anazaa msomaji, somo na usomaji. Ukikutana na "somo" njiani huwezi kulidhania kuwa kitenzi.

Sasa wageni walipoingia waliingia na mchezo wao. Tukapata chaji na kuchaji, pampu na kupampu, bipu na kubipu. Wale mliokuwa na simu miaka ya 2000 mnaikumbuka bipu. Vocha ilikuwa ya shida, basi unapiga, inaita mara moja, unakata. "Ukifika nibipu." "Acha kunibipu bwana, piga!" Nilikuwa mtoto, lakini ndiye niliyekuwa nikishika simu ya baba na kuhesabu: bipu moja shangazi kafika salama, bipu mbili tumfuate stendi. Ukiniuliza mimi, bipu ilikuwa ripoti ya maskini. Haikuwa na neno hata moja ndani yake, lakini mpokeaji alielewa yote, kwa sababu alijua aliyebipu ni nani.

Tulishike hilo la kujua aliyebipu ni nani. Tutalirudia.

Kuripoti kuna ukaidi wake. Vitenzi vyetu vya asili vinapinda. Nasoma, sisomi, nisome. Naandika, siandiki, niandike. Mkia unacheza kulingana na ngoma. Ripoti hachezi. Naripoti, siripoti, niripoti. Mkia ni ule ule, i mwanzo, i katikati, i mwisho. Wenzake ni akina samehe, jaribu na fikiri, wageni wa zamani kutoka Uarabuni ambao nao walikataa kupinda. Na sikiliza jambo hili: ukimwamuru mtu mmoja, unasema "Ripoti!" Hapo jina na kitenzi vimekuwa kitu kimoja kabisa, kama Kiingereza. Amri na karatasi zinafanana sura.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Kiswahili kimemlazimisha huyu mgeni akikubali. Ukishaacha kuamuru, ukitaka kusema jambo limetendeka, lazima uweke mtu mbele. Ni-liripoti. Wa-liripoti. A-meripoti. Hakuna kuripoti kunakotembea peke yake barabarani bila kiambishi cha mtendaji. Jina "ripoti" linaweza kukaa kabatini miaka 20 bila kuulizwa nani kaliweka humo. Kitenzi hakiwezi. Kitenzi kinauliza, nani?

Halafu tumeliongezea maana za kwetu. Kwa mwandishi, kuripoti ni kupeleka habari. Kwa raia, kuripoti ni kwenda kituo cha polisi kueleza kuku wake kaibwa au mtoto wake hajarudi. Na ipo ya tatu, ambayo nadhani ndiyo wengi wetu tuliianza nayo maishani: kuupeleka mwili wako mahali. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaripoti shuleni na godoro kichwani. Mtumishi mpya anaripoti kituo chake cha kazi. Nilipomaliza kidato cha sita niliambiwa niripoti kambi ya JKT na raba na bukta ya bluu. Mtuhumiwa aliyepewa dhamana anaambiwa aripoti polisi kila Jumatatu. Katika maana hii ya tatu huna habari yoyote uliyobeba. Wewe mwenyewe ndiye habari. Ukifika, ripoti imefika. Usipofika, kuna mtu ataanza kuuliza.

Maana hizo tatu nilikuwa nikizijua kila moja kivyake. Mahali nilipoziona zimekutana kwenye kikao kimoja ni Mtunda.

Mtunda ni kata katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji miaka kumi hivi iliyopita. Ukitoka Dar es Salaam unapita Mbagala, Kongowe, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, halafu Kibiti yenyewe. Hapo unashuka na kutafuta bodaboda. Ni nchi ya Wandengereko na Warufiji, nchi ya korosho, minazi na mpunga, na kwa wale walio jirani na delta, nchi ya mikoko na kamba. Mto Rufiji ndio baba na ndio mama. Unalisha, na ukikasirika unachukua.

Nilitumwa huko baada ya mafuriko ya masika ya 2024. Mnakumbuka Aprili ile, wilaya za Rufiji na Kibiti maji yalivyojaa mashambani na majumbani. Serikali ilieleza kuwa chanzo ni mvua kubwa zilizoambatana na El Niño. Wapo wananchi waliouliza kuhusu maji yanayofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 huko juu ya mto, na wakubwa wakajibu kuwa bwawa lilipunguza makali badala ya kuyaongeza. Mimi sikutumwa kuamua ugomvi huo. Maagizo ya mhariri yalikuwa mafupi kama meseji: "Nenda ukaripoti. Urudi na ripoti."

Nikaenda. Na kama mjuavyo ukanda wetu wa Pwani, huwezi kumvamia mtu na maswali kama unadai kodi. Salamu kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za utokako?"

"Nzuri mzee. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za mafuriko?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Nzuri! Nyuma yake kuna shamba la mpunga lililolala lote kama mkeka. Lile dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege na nguruwe, limebaki nguzo mbili. Lakini nzuri. Nami nikatulia. Kwetu ripoti ya kwanza ni ya heshima, ya pili ni ya kupima mgeni, na ya tatu ndiyo ripoti. Mwandishi mwenye haraka ataondoka na nzuri yake na kuandika kwamba wananchi wamesema hali ni shwari. Tulikaa. Kikaja kikombe cha chai. Tukaongea kuhusu mpira, Simba na Yanga, tukaongea bei ya korosho. Ndipo akanitazama, akaniuliza swali ambalo sijalisikia darasani chuo kikuu miaka yote mitatu.

"Mwanangu, wewe umekuja kuripoti, au umekuja kuchukua ripoti?"

Nikamwambia mzee, sijaelewa, si ni kitu kimoja?

"Aa, si kimoja. Wanaochukua ripoti nawajua. Wanakuja na fomu. Jina, umri, ekari ngapi, tia dole gumba. Wanakwenda zao. Ripoti wameondoka nayo, sisi tumebaki na maji. Mimi nimeandikwa mara nyingi kuliko ukuta wa choo cha shule."

"Na wanaoripoti?"

"Anayeripoti ni mtu aliyeona jambo, likamkaa hapa," akajigusa kifua, "haliwezi kutulia mpaka alifikishe. Sasa wewe ni yupi?"

Wandugu, huyu mzee hakusoma sarufi. Lakini alikuwa amelitenga jina na kitenzi kwa kisu. Ripoti kwake ni kitu ambacho wengine wanakuja kukichukua kwako, kama vile wanavyochukua kamba na kuwaacha na maganda. Kuripoti ni kitendo cha mtu, na mtu huyo ana kifua.

Na alikuwa na ushahidi wa umri wake. Alinisimulia alivyokuwa kijana mafuriko ya 1968 yalipokuja, na jinsi baada yake serikali ilivyowahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda maeneo ya juu, kwenye vijiji vya ujamaa. Waliambiwa bondeni ni hatari. Ni kweli maji ni hatari. Lakini ni maji hayo hayo yaliyokuwa yakiacha tope la rutuba, na watu wa Rufiji wakilima mlau, kilimo kile cha kupanda mazao kwenye unyevu maji yakishapungua. Kuna ripoti nyingi ziliandikwa kuhusu bonde hili, akaniambia. Zote zilimhesabu. Hakuna iliyomuuliza mlau ni nini.

Mpaka hapo nilidhani nimeshapata habari yangu. Nilikuwa nimekamilisha daftari. Nikaenda kwa bibi mmoja anayeuza vitumbua ili nivute muda nikisubiri usafiri, na kama kawaida ya maongezi yetu, jambo moja likaleta jingine. Nikamuuliza, bibi, siku hizi usiku hapa mnatembea? Maana nakumbuka mwaka 2017...

Akanyamaza. Akageuza kitumbua ambacho hakikuwa kimeiva. Akanyamaza tena.

Kwa wale mliosahau, tukumbushane. Kati ya 2015 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga watu waliuawa mmoja baada ya mwingine. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa ngazi ya chini wa chama tawala, askari. Mara nyingi ilikuwa jioni au usiku, wauaji wakiwa kwenye pikipiki. Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa kwa mkupuo mmoja huko Kibiti walipokuwa wakirejea kutoka doria. Mwaka huo pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku katika wilaya hizo, na ikaanzishwa kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Ndio mwaka ule taifa zima lilipojifunza maneno mawili ambayo yanafuatana kama mtu na kivuli chake: watu wasiojulikana.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo, nikisoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuza magazeti. Kwangu Kibiti ilikuwa herufi kubwa nyeusi. Kwa huyu bibi ilikuwa njia ya kwenda kisimani.

Hatimaye akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei. "Mjukuu wangu, wakati ule neno kuripoti lilikuwa halitamkwi hapa. Ukiripoti, wale watakujia usiku kwamba umeripoti. Usiporipoti, hawa watakujia mchana kwamba mbona hukuripoti. Basi mtu anakaa."

Basi mtu anakaa. Nilirudia sentensi hiyo kichwani njia nzima.

Angalieni lilivyofanyika neno. Maana ya pili, ya raia kwenda polisi, ilikuwa imekuwa hatari kutoka pande mbili. Ilibaki ya tatu, ya kupeleka mwili wako mahali, na hiyo wengine waliitekeleza kwa kuhama kabisa, wakaripoti kwa ndugu zao Mbagala au kwingineko. Na ile ya kwanza, ya kupeleka habari? Hiyo ilibaki kwa waandishi wachache waliokuwa wakiishi huko huko.

Mmoja wao aliitwa Azory Gwanda.

Azory alikuwa mwandishi wa kujitegemea, akiandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti. Kwa wasiojua kazi yetu, mwandishi wa kujitegemea wa wilayani ndiye mtu wa chini kabisa kwenye ngazi. Hana meza ofisini. Analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli ni yake. Lakini yeye ndiye anayejua barabara, anamjua mtendaji, anamjua mama wa marehemu. Sisi wa makao makuu tunateremka na gari, yeye yupo. Azory aliandika kuhusu mauaji hayo.

Novemba 21, 2017 alitoweka. Mkewe alieleza kwamba alikuwa shamba, mumewe akafika huko akiwa na watu wengine kwenye gari jeupe, akamuuliza ufunguo wa nyumba ulipo, akamwambia anasafiri kwa dharura na asiporudi siku hiyo basi atarudi kesho yake. Hiyo kesho haijafika. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, katika mahojiano na BBC, alitamka kwamba Azory alitoweka na kufariki. Kauli hiyo ikazua kelele, na baadaye ikaelezwa kuwa alinukuliwa vibaya, hakuwa amethibitisha kifo. Mpaka leo ninapoandika haya, sijawahi kuona ripoti ya uchunguzi wa jambo hili ikiwekwa hadharani.

Nataka mlione hili vizuri. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kitenzi, yeye mwenyewe hajapewa hata jina. Aliripoti. Ripoti yake haipo.

Mwandishi mwenzangu mmoja, rafiki yangu sana, hunikosoa nikitumia neno hili. Anasema ni uvivu, tunalo neno "taarifa" na tunalo neno "habari", ya nini kung'ang'ania cha Mwingereza? Tumegombana hili kwenye vijiwe vya kahawa mara nyingi. Jibu langu la kwanza ni la utani: taarifa na habari nazo zilishuka kwenye jahazi kutoka Uarabuni, tofauti yao na ripoti ni kuwa zilitangulia kupata uraia. Jibu langu la pili si la utani. Hatuna "kutaarifa". Tunasema kutoa taarifa. Kutoa, kama vile unatoa kiti nje. Kuna kupasha habari, neno tamu, na kuna kuarifu, ambalo wengi wameliachia barua za ofisi. Kuripoti kumebaki kwa sababu mtendaji na kitendo wamebanana, huwezi kupenyeza hata wembe katikati yao.

Ila tumempatia mlango wa nyuma. Mlango huo ni "imeripotiwa".

Iangalieni hiyo i ya mwanzo. Si mimi, si wewe, si yeye. Ni ile i ya ngeli ya habari na nyumba na kalamu. Halafu mwishoni kuna wa ya kutendwa. Jambo limetendwa, na aliyelitenda hayupo. Nyumba imechomwa. Mtu amechukuliwa. Imeripotiwa. Magazeti yetu yanaishi kwenye i hii. Na "watu wasiojulikana" ni ndugu yake wa toka nitoke: kuna wa ya watu, lakini imevuliwa uso. Hawajulikani na nani? Na mama aliyewaona? Na mtoto aliyekuwa mlangoni? Kiswahili kinaruhusu kuongeza "na" baada ya kitenzi cha kutendwa. Imeripotiwa na fulani. Wasiojulikana na fulani. Ni silabi moja tu, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika.

Niliporudi mjini nilikuwa nimejaa hasira hiyo. Nilikuwa nimeapa kuwa i hii nitaiua. Kila sentensi itakuwa na mtu mbele yake. Nilikaa kwenye kompyuta kuandika, na nilipofika kwa yule bibi wa vitumbua nikasimama.

Maana nilipokuwa naondoka alinishika mkono wa shati. "Mjukuu wangu, ukiandika hayo niliyokwambia, andika imesemwa. Usiandike bibi fulani amesema."

Sasa hapo ndipo kuna kazi, wandugu. I ile ile inayomficha mwenye gari jeupe ndiyo inayomficha bibi wa vitumbua. Ni blanketi moja, na wanaolala chini yake ni wawili wasiofanana hata kidogo. Ukilivuta lote unamwacha bibi uchi kwenye baridi. Ukiliacha lote unamfunika na yule mwingine. Walimu wetu wa uandishi walitufundisha kuepuka sentensi za kutendwa kwa sababu ni nzito na zinachosha msomaji. Hawakutuambia kuwa kuna mahali sentensi ya kutendwa ni nyumba ya mtu.

Na si jambo geni katika nchi ile. Mwaka 1905, kabla Vita vya Maji Maji havijalipuka dhidi ya Wajerumani, habari za dawa ya maji ya Kinjikitile kutoka Ngarambe zilisambaa kwa mnong'ono ambao wenyeji waliuita njwiywila. Habari ilitembea kutoka kinywa hadi sikio, kijiji hadi kijiji, na serikali ya kikoloni haikuwa na mahali pa kuishika kwa sababu haikuwa na mwandishi wala sahihi. Kila aliyeipokea alijua kamsikia nani. Aliyetaka kumkamata msemaji hakuona mtu. Hiyo nayo ni kuripoti. Watu wa Rufiji walijua muda mrefu kabla ya vyuo vya uandishi kwamba habari inaweza kumhitaji mwenyewe ajifiche ili ifike.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni yangu, haijaandikwa kwenye mwongozo wowote. Ninapotaka kuandika "imeripotiwa", najiuliza nani anafunikwa. Kama ni mwenye jembe moja na mlango wa makuti, namwacha afunikwe, na mimi ndiye nabeba jina. Naandika "mwandishi wa habari hii ameambiwa." Kama kuna wa kuulizwa, aulizwe mimi. Kama anayefunikwa ni mwenye kiti, mwenye muhuri, mwenye gari, basi natafuta ile "na" iliyokatwa mwishoni. Natafuta kwa simu, kwa barua, kwa kukaa mapokezi mpaka nijue jina la mlinzi na watoto wake. Mara nyingi siipati. Lakini msomaji anastahili kuambiwa kuwa imetafutwa, na ilitafutwa wapi, na nani alikataa kujibu. Hilo nalo lina mtu mbele yake: a-likataa.

Wakongwe wa lugha wanasema report ilianzia kwenye Kilatini, na maana yake ya kale ni kubeba na kurudisha. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu, maana ndio uleule mzigo wa mzee wa Mtunda. Na hapo nikaona jambo jingine. Sisi tunabeba sana. Tunabeba kutoka Mtunda tunaleta Dar, kutoka Dar habari inaruka Nairobi, London, Washington. Kurudisha je? Siku habari yangu ya mafuriko ilipotoka, gazeti halikufika Mtunda. Nikampigia yule mzee simu, nikamsomea yote, neno kwa neno, muda wa maongezi ukiisha kama maji kwenye pakacha. Alisikiliza kimya. Mwisho akaniambia, "Hapo kwenye mlau umekosea kidogo, tunaanza na mahindi, halafu kunde." Nikaandika marekebisho. Kisha akasema, "Sasa umeripoti."

Sikuandika hapa ili kuwafundisha sarufi, wapo mabingwa wa hiyo kazi. Nimeandika kwa sababu kila wiki naona vijana wapya wakiingia kwenye fani hii, wengine wakiwa wilayani bila mkataba, bila bima, bila meza, wakituma habari kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Wanaitwa maripota wakihitajika, na "vyanzo vyetu" wakisahaulika. Wao ndio kitenzi chenyewe. Na nchi inayopenda ripoti lakini haijali wanaoripoti iko siku itafungua kabati na kukuta karatasi tupu, nzuri, zenye muhuri, zote zikianza na "imeripotiwa".

Azory Gwanda aliripoti. Hiyo ni sentensi kamili ya Kiswahili. Ina mtu, ina wakati, ina kitendo. Iliyobaki ni sentensi ya pili, na hiyo si mimi ninayepaswa kuiandika peke yangu. Kuna watu wanaojua nani awe mbele ya kitenzi chake.